Jicho lililotoboka hushonwa kiraka, halibadilishwi

Msimu wa kupura mtama, upepo wa huku Dodoma hurusha makapi machoni. Siku mbili tatu jicho linawasha, kisha linakuwa jekundu na kuota doa jeupe. Fangasi au bakteria wakishaingia, hula kioo cha jicho, yaani konea, mpaka kitoboke. Hapo kila jirani anageuka daktari.

“Jicho limepasuka, limekwisha.” Si lazima. Konea katikati ina unene wa kama nusu milimita tu. Ikitoboka, maji ya ndani huvuja, na lile pazia la ndani linalolipa jicho rangi husogea likaziba tundu. Kwa nje unaona nukta nyeusi, na wapo wanaodhani ni uchafu wakaufuata kwa ncha ya kanga! Usiguse, usioshe, usiminye. Kinga jicho kwa kitako cha kikombe cha plastiki, kisiliguse, uende hospitali siku hiyohiyo.

“Wanang'oa jicho, wanaweka la maiti.” Hili nalisikia hata kwa waliosoma. Jicho zima halipandikizwi ili mtu aone, kwani mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye ubongo ukikatwa hauungiki. Kinachotumika ni konea ya marehemu, iliyotolewa kwa ridhaa. Tundu dogo, lisilofika milimita mbili, huweza kuzibwa kwa gundi maalumu. Kubwa hushonewa kiraka cha konea hiyo kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Rangi ya macho ya marehemu haihusiki, na kundi la damu kwa kawaida halilinganishwi, kwa sababu konea yenye afya haina mishipa ya damu. Wala si majaribio: daktari wa macho Eduard Zirm alifanikiwa kupandikiza konea mwaka 1905, kwa kibarua aliyeunguzwa na chokaa.

“Ukitoka tu, unaona.” Kiraka cha dharura kwanza huokoa jicho lenyewe. Kuona vizuri pengine kutahitaji upandikizaji wa pili, na nyuzi huweza kukaa mwaka na zaidi.

“Matone ni matone.” Hapana. Deksamethasoni, dawa inayopunguza nguvu ya kinga ya mwili, hutumika baada ya upasuaji ili mwili usikikatae kiraka; ukijinunulia dukani jicho likiwa na fangasi, unawalisha.

Na kwa wazee wa Kongwa wenye ugonjwa wa vikope (trakoma): kope zilizogeukia ndani zisiporekebishwa, zitakikwaruza kiraka kipya kama zilivyokikwaruza kioo cha zamani.