Mafuta ya karafuu: ya tumba au ya makonyo?

Chupa imeandikwa "mafuta ya karafuu", basi. Haisemi kama yalikenekwa, yaani yalitolewa kwa mvuke, kutoka kwa tumba, makonyo au majani, na bei za hayo matatu hazilingani hata kidogo: tumba kavu ndiyo karafuu yenyewe ya biashara, makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua tumba. Kunusa hakusaidii, kwa kuwa kote imetawala eujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake. Hapo ndipo tasnifu yangu ya uzamili ilipojikita.

Kinachoyatofautisha ni eujenili asetati, kemikali iliyo ndugu wa eujenoli. Kwenye mafuta ya tumba huweza kufika asilimia 10 na kupita. Kwenye ya makonyo na majani huwa kiduchu. Kwa hiyo naingiza mikrolita 1 ya sampuli iliyozimuliwa kwenye mashine ya kromatografia ya gesi. Inageuka mvuke, heliamu inausukuma ndani ya mrija mwembamba wa mita 30, kila kampaundi inatoka kwa zamu yake na kupimwa masi.

Mtego wa kwanza uko hapo. Eujenoli ina masi 164, asetati yake 206. Lakini asetati ikipigwa na elektroni wakati wa kupimwa masi, humwaga kipande kiitwacho ketini, masi 42, na kinachobaki ni 164 ileile! Kompyuta ikikuletea jina, usilimeze tu. Tazama na muda wa kutoka. Kwenye mrija wangu hutangulia eujenoli, ikafuata kariofilini, kampaundi nyingine ya mafuta haya, kisha asetati.

Mtego wa pili hauko kwenye mashine, uko jikoni kwa mkenekaji. Eujenoli huchemka kwenye nyuzi 254, ila ikisindikizwa na mvuke wa maji hupanda chini kidogo ya 100. Ndiyo faida ya kukeneka. Hasara yake ni kwamba asetati ni esta, yaani muungano wa asidi na alkoholi au fenoli kama eujenoli, na esta ikikaa saa nyingi kwenye maji ya moto huvunjika ikawa eujenoli na asidi ya asetiki. Mzalishaji mwaminifu aliyechelewa kuzima moto anaweza kutoa mafuta ya tumba yenye sura ya makonyo. Na mjanja mwenye anhidridi ya asetiki, kemikali inayogeuza eujenoli kuwa asetati, anaweza kuirudisha asetati hiyo kwa makusudi.

Ndiyo maana siku hizi siandiki "yamechakachuliwa" kwa namba moja. Nauliza tumba zilizamishwa majini au zilikaa juu ya mvuke, na kwa saa ngapi. Naomba pia maji yaliyotoka pamoja na mafuta, niipime ile asidi ya asetiki inayobaki asetati ikivunjika. Shida ni kwamba wengi huwa wameshayamwaga.