Sio huna mkono, ni maji ya kisima: uongo tunaolishana kuhusu bustani za maua Dar

Nakaa Kigamboni mwaka wa saba sasa, kiwanja mchanga mtupu, kisima maji yake ukionja unajua bahari haiko mbali, na miche niliyoizika hapa nimeacha kuhesabu. Kila mche uliokufa ulikuwa na mshauri wake. Jirani anasema hivi, muuza maua anasema vile, video ya mtandaoni inakuja na lake, na mi nilikuwa nafuata wote. Baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba ushauri mwingi ni wa kweli ila ni wa udongo mwingine, ni wa Lushoto, ni wa Arusha, ni wa Ulaya huko kwenye baridi, sasa ukiuleta kwenye mchanga wa Pwani unakugeuka. Na mwingine ni uongo mtupu tu, ngoja nianze na huo.

"Huna mkono wa maua"

Kuna mama mtaani kwetu akichomeka tawi linashika, mi nikichomeka linakauka, basi ikapitishwa kwamba mi sina mkono. Nikaamua kumchunguza. Kumbe anachomeka masika yakianza, Machi hivi, kivulini chini ya mwembe, na maji anayomwagilia ni ya mvua aliyoyakinga kwenye pipa. Mi nilikuwa nachomeka Januari, jua la utosi, maji ya kisima. Ndo mkono wenyewe huo, hamna kingine.

Na ile ya kwamba mwanamke akiwa kwenye siku zake asiingie bustanini, sijui maboga yatapukutika, sijui maua yatanyauka, jamani jamani. Kwenye mashamba ya maua ya Arusha na Naivasha wafanyakazi wengi ni wanawake, wanaingia humo kila siku mwezi mzima, na waridi zinapanda ndege kwenda Uholanzi zikiwa nzuri tu. Tuendelee.

"Maua yanataka maji asubuhi na jioni, kila siku"

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo wengi tunapoulia mimea. Ukimwagia kikombe kikombe kila siku, maji yanalowesha juu tu, mizizi nayo haina sababu ya kushuka, inabaki juu juu palepale, sasa ukisafiri siku tatu kwenda msibani unarudi unakuta bustani nzima imelala. Mmea uliokwisha shika unataka maji mengi kwa mara moja yazame chini, halafu uuache mpaka juu pakauke. Kipimo changu ni kidole: nakichomeka kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, kikitoka na ubichi naondoka zangu na keni langu. Miche midogo na vyungu hiyo ni habari nyingine, vyungu kwenye joto la Februari vinaweza kweli kutaka kila siku, ila bado kidole ndo kiamue, sio saa.

Alafu mchanga wetu haushiki maji hata ufanyeje, unamimina ndoo inapotea kama umemimina kwenye chujio. Dawa yake sio kuongeza ndoo, ni mboji. Changanya mboji nyingi shimoni kabla ya kupanda, na juu tandaza majani makavu au nyasi, acha nafasi kidogo kuzunguka shina lisije likaoza. Hapo mama mkwe atasema uwanja mchafu. Sisi tumelelewa kwamba uwanja safi ni ule uliofagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana, na kuna ukweli wake, marundo ya takataka na nyasi ndefu karibu na nyumba zinaleta panya na panya analeta nyoka, sibishi. Lakini matandazo ya unene wa vidole vitatu kwenye kitalu cha maua sio pori. Wewe fagia njia na mbele ya mlango, kwenye mizizi ya maua acha majani yaoze, ndo chakula chenyewe.

Sasa chumvi. Visima vingi vya huku karibu na bahari vina chumvi, na maji yanapokauka kwenye udongo yanaiacha chumvi yake pale, wiki kwa wiki inajilimbikiza. Dalili ni ncha za majani kuwa kahawia kama zimechomwa na kiberiti, na ukoko mweupe juu ya udongo au pembeni ya chungu. Mi nilivyoona ncha zimekauka nikasema ni kiu, nikaongeza maji, yaleyale ya chumvi. Nikaona bado, nikaongeza mbolea, nayo mbolea ya dukani ni chumvi vilevile. Asumini zangu nne zilikwenda hivo. Unachotakiwa kufanya ni kukinga maji ya mvua kila unapoweza, na mara mojamoja kumwagilia kwa wingi mpaka maji yatoke chini ya chungu yaondoke na chumvi, na zaidi ya yote kupanda vinavyovumilia: bogenvilia, adeniamu ile yenye shina nene kama chupa, oleanda (nitairudia hii), na yale maua ya saa sita yanayotambaa. Waridi la bustani linaota Dar, ila usinunue kwa kuangalia picha ya waridi la shambani Naivasha, lile limezalishwa kwa ajili ya nyumba za plastiki kule juu kwenye usiku wa baridi, huku kwetu litakutolea kiua kidogo kitakachopauka siku ya pili, na wewe utajilaumu bure.

"Ukimwagilia mchana, matone yanaunguza majani kama kioo"

Hii niliiamini miaka. Watafiti wa Hungary waliipima wakachapisha majibu 2010, wakakuta kwenye majani laini ya kawaida matone hayaunguzi, tone lenyewe linakauka kabla, na miale ya jua haikusanyiki pale kwenye jani. Majani yenye manyoya yanayolishikilia tone juu juu ndo yanaweza kupata shida kidogo. Kwa hiyo ukikuta ua limenyauka kweli saa saba mchana, lipe maji, usisubiri jioni kwa kuogopa. Asubuhi ni bora kwa sababu nyingine, maji hayapotei hewani na majani yanapata muda wa kukauka, fangasi wasije. Ila angalia mpira wa maji ulioshinda juani, hasa ule mweusi, maji ya kwanza yanayotoka humo unaweza kuivishia yai. Hayo ndo yanaunguza! Yaache yamwagike pembeni kwanza.

"Weka kokoto chini ya chungu maji yapite vizuri"

Hata fundi wa bustani aliniwekea na akanilipisha kokoto. Ukweli ni kwamba maji hayatoki kirahisi kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto, yanagoma pale yanapokutana mpaka udongo wa juu yake ulowe chapachapa. Kwa hiyo ulichofanya ni kupandisha lile tope juu na kuipunguzia mizizi nafasi. Tundu chini ndo la muhimu, toboa matundu manne matano, weka kigae kimoja au kipande cha neti udongo usitoke, basi. Kokoto zako kapange njia.

Na visahani vya chini ya vyungu. Watu wanapanda mchaichai kuzunguka nyumba kufukuza mbu, na ukweli ni kwamba mchaichai ukisimama tu pale haumfukuzi mbu yeyote, mafuta yake yanafanya kazi yakikamuliwa na kupakwa, tena kwa muda mfupi. Mi nimeshamkuta mbu amepumzika kwenye jani lake kabisa. Wakati huohuo kisahani chini ya chungu kina maji ya wiki nzima, na yule mbu wa madoa meupe anayeng'ata mchana, anayeeneza dengi, anataka nini zaidi ya hapo? Dar tulipata mlipuko wa dengi 2014 na tena 2019, na mbu yule anazaliana humuhumu nyumbani, kwenye visahani, matairi, makopo, na ndoo zilizosahauliwa. Kwenye joto letu yai linaweza kuwa mbu ndani ya wiki moja au siku kumi hivi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, mayai yanabaki yameganda ukutani mwa kisahani na yanakaa makavu miezi mingi yakingoja maji, sugua na brashi kila wiki. Au jaza mchanga kwenye kisahani. Mchaichai weka kwenye chai.

"Weka yurea upate maua mengi"

Yurea ni mbolea yenye naitrojeni asilimia 46, na naitrojeni kazi yake ni majani. Utapata bogenvilia la kijani kibichi limejaa kama uzio wa ikulu, rangi hamna. Bogenvilia linapenda jua la siku nzima na njaa kidogo, likauke kauke kati ya maji na maji, hapo ndo linapasuka rangi (na zile rangi kwa kweli sio maua, ni majani yaliyogeuka, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati, nenda kaangalie). Kama unataka mbolea tumia mboji au samadi iliyoiva. Nasema iliyoiva, maana ya kuku mbichi ni kali, ina amonia na chumvi, watu wanaitoa bandani leo wanaimwaga kwenye shina leo, kesho mmea umeungua. Irundike, ilowanishe kidogo, igeuzegeuze miezi miwili mitatu mpaka isinuke tena.

Maganda ya mayai hayana madhara ila usiyategemee, vipande vyake vinakaa kwenye udongo muda mrefu bila kuoza, na chokaa yake udongo wa huku wenye mawe ya matumbawe hauna shida nayo hata. Kuchomeka kikonyo cha waridi kwenye kiazi ulaya ndo upande? Kiazi kitaoza na kikonyo pamoja nacho, au utavuna viazi. Chomeka kwenye mchanga wenye ubichi kivulini, funika na mfuko wa plastiki mwepesi, subiri wiki kadhaa.

"Usiikate, utaichelewesha kutoa maua"

Kinyume chake. Asumini inatoa maua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo ukiihurumia ukaiacha iwe kichaka cha matawi ya zamani unapata maua ya kuhesabu, ya kikuba kimoja hayatoshi. Punguza ikimaliza kutoa maua, pata machipukizi, pata maua. Shangazi yangu Tanga alikuwa anaikata mpaka unaona amekasirika na mtu, na jioni uani kote kunanukia mpaka barabarani.

Mchwa: watu wanamwaga oili chafu ya gari. Usifanye hivyo, unaua udongo wako miaka na kisima umekichimba mwenyewe hapohapo pembeni. Mchwa wengi wanakula vitu vilivyokufa, miti mikavu na maboksi, ukiona wanapanda kwenye mche hai mara nyingi mche ulikuwa umeshadhoofika kwa kiu. Ondoa mbao zilizooza, mwagilia, tafuta kichuguu.

Kinyonga naye anauawa bure. Hana sumu, hapofushi macho, hakugandi mwilini mpaka radi ipige. Anakula nzi, panzi na viwavi siku nzima bila mshahara. Kwangu kuna mmoja kwenye kichaka cha haibiskasi, watoto walikuwa wanampigia kelele, sasa hivi wanamtafuta asubuhi kabla ya shule kuona amehamia tawi gani.

"Ua la kila nyumba haliwezi kuwa na sumu"

Hili ndo linanitisha kuliko yote. Oleanda, ile yenye majani marefu membamba na maua ya pinki au meupe, kila sehemu yake ina sumu ya moyo, jani, ua, kijiti, na moshi wake ukichoma matawi. Ile ndugu yake yenye maua ya njano kama tarumbeta ndogo na tunda la kijani la pembe pembe, mbegu zake ni hivyohivyo. Utomvu wa adeniamu watu wa Afrika waliupaka kwenye mishale. Mnyaa wa uzioni maziwa yake yakikuingia jichoni unaweza kukaa siku kadhaa huoni vizuri, kwa hiyo siku ya kuupunguza vaa miwani na usijifute na mkono. Sisemi ung'oe, mi mwenyewe oleanda ninayo kwa sababu chumvi haiitishi. Ila iko ukutani nyuma ya tangi, mbuzi wa jirani hafiki, watoto nimewaonyesha jani kwa jani nikawaambia hili halitiwi mdomoni wala halipikiwi kwenye mchezo wa kupikapika, na matawi nikikata sichomi, nayafukia. Na mtu akija kuomba kipandikizi namwambia kwanza ni nini anachobeba, ndo namkatia.