Kisumu hadi New York: Nairobi ni kurudi nyuma

Ukitoka Kisumu kwenda New York kupitia Nairobi, unaanza safari kwa kuipa Marekani mgongo. Ndege ndogo inakupeleka kusini-mashariki kilomita 280 hivi hadi JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi. Ile kubwa nayo inageukia kaskazini-magharibi, na kama ingefuata njia fupi kabisa, ingekupitisha karibu na Kapsabet na Mlima Elgon. Umerudi kwenu, ila uko juu na mkanda umefungwa.

Mimi ni mpimaji ardhi. Kazi yangu ni mipaka ya mashamba huku Kisumu na Vihiga, lakini hesabu ya latitudo na longitudo ni ileile, na wazazi wenye watoto Marekani hawachoki kuniuliza ni mbali kiasi gani.

JKIA iko 1.32 kusini, 36.93 mashariki. JFK ya New York iko 40.64 kaskazini, 73.78 magharibi. Ungekuwa kwenye kitovu cha Dunia, ukanyoosha mkono mmoja Nairobi na mwingine New York, pembe katikati ingekuwa nyuzi 106.45. Kila nyuzi juu ya uso wa Dunia ni kama kilomita 111.2. Zidisha, unapata 11,840 hivi. Kutoka Kisumu moja kwa moja ni kama 11,560. Kwa hiyo zile 280 za kwenda Nairobi unazilipia mara mbili, kasoro kidogo tu.

Ramani ya ukutani ndiyo inayowapotosha watu. Weka rula juu yake: mstari unakatiza Nigeria na Mali, unaingia baharini Mauritania. Ndege ikiufuata kwa dira itaruka takriban kilomita 12,190, yaani 350 za bure. Sasa chukua tufe na uzi, uuvute ukaze. Uzi unapitia Uganda na Sudan Kusini, unagusa kona ya Darfur, unavuka Chad, Niger na Aljeria, unatoka Afrika pwani ya Moroko na kupita visiwa vya Azores. Halafu unapanda mpaka latitudo 42, kaskazini kuliko New York yenyewe, ndipo unashuka. Hapo wengi hubisha, mpaka waushike uzi wenyewe.

Rubani naye hafuati uzi neno kwa neno. Anga ya Sudan ilifungwa vita vilipozuka Aprili 2023. Na kuna upepo: juu ya Atlantiki unavuma kwa nguvu kutoka magharibi. Kenya Airways ilipoanza safari hii Oktoba 28, 2018, kwa Boeing 787, kwenda kulipangiwa kama saa 15 na kurudi kama saa 14, kwa umbali uleule.

Basi kwa nini isiruke kutoka Kisumu? Si kwa sababu ya hewa. JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi huibana ndege iliyojaa mafuta; uwanja wetu hapa ziwani uko mita 1,150 na ushee, hewa nzito zaidi. Njia ya kurukia ni fupi kuliko ya Nairobi, sawa, lakini kikwazo kikubwa ni abiria. Nani atajaza viti zaidi ya 200 kila mara kutoka Kisumu?