Je, wajua kwa nini sisimizi hawapati foleni?

Asubuhi kwenye jengo refu la ofisi, watu wamejazana mbele ya lifti. Ikifika, wanaingia wote wanaotosha, na kila mmoja anabonyeza ghorofa yake: ya 3, ya 4, ya 5, ya 7. Lifti inasimama karibu kila ghorofa, na walioachwa chini wanazidi kuongezeka. Kundi la sisimizi lina maelfu ya wakazi na vijia vyembamba kuliko kalamu, lakini hawakwami. Wanafanyaje?

Mwaka 2019, mtafiti Audrey Dussutour wa Toulouse, Ufaransa, na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya kwa aina ya sisimizi waitwao sisimizi wa Argentina. Waliunganisha kiota na chakula kwa madaraja yenye upana wa milimita 5, 10 na 20, kisha wakaleta makundi ya kuanzia sisimizi 400 hadi 25,600. Kwa magari na waenda kwa miguu, mwendo huanza kuzorota njia ikishajaa asilimia 40 hivi. Sisimizi waliendelea kupita bila kupungua hata daraja lilipojaa asilimia 80.

Kumbe hawafuati kanuni moja. Njia ikianza kujaa, wanaongeza kasi. Ikijaa zaidi, wanapunguza kugusana, maana kila wanapogusana wanapoteza muda. Ikifurika, walio nje hawaingii. Wanangoja.

Katika chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, Daniel Goldman na wenzake waliona jambo linalofanana na hilo mwaka 2018. Waliwapaka rangi sisimizi 30 wa aina ile inayouma kama moto, wakawaangalia wakichimba. Asilimia 30 tu ndio waliofanya asilimia 70 ya kazi, na aliyekuta shimo limezibwa aligeuka akarudi. Tungewaita wavivu, lakini wangeingia wote, shimo lingeziba na kazi ingesimama.

Hapo ndipo mchoraji wa majengo anapopata somo. Mara nyingi kinachokwamisha watu si uhaba wa lifti, ni wote kuingia kwa pamoja bila mpangilio. Zipo lifti ambazo unataja ghorofa yako ukiwa bado nje, nazo zinakuelekeza kwenye lifti ya wenzako wanaokwenda huko huko. Hazikuigwa kwa sisimizi, ila kanuni ni ileile: mpangilio unafanyika kabla ya kuingia. Lifti inasimama mara chache, na umeme unaookolewa si haba.

Hata hivyo, sisimizi nao wana udhaifu wao, na naona huu ndio wa kuzingatiwa zaidi. Mwaka 2005, Ernesto Altshuler wa Havana, Cuba, na wenzake walieleza walivyowafungia sisimizi kwenye chumba chenye milango miwili iliyolingana. Walipotulia, walitoka kwa kugawana milango. Walipotiwa dawa ya kuwafukuza, wengi wao walikimbilia mlango mmoja, na mwingine ukatumiwa na wachache zaidi.

Binadamu kwenye moto nao mara nyingi hukimbilia mlango mmoja, ule walioingilia. Kwa hiyo ngazi isifichwe nyuma ya stoo na kukumbukwa siku ya hatari tu. Iwekwe karibu na mlango mkuu, iwe pana, ipate mwanga na hewa, ili anayekwenda ghorofa ya pili au ya tatu aipende kuliko kusubiri lifti. Mtu aliyeizoea kila siku ataikumbuka hata kwenye moshi. Na ile ngazi ya pili, ya dharura, mlango wake usitiwe kufuli wakati watu wamo ndani.