Takwimu za ajira: ya kijiweni na ya kwenye dodoso

"Asilimia kumi? Hao waliohesabu hawajafika mtaani kwetu."

Mtajie mtu kwamba utafiti wa nguvu kazi wa mwaka 2014 ulikuta ukosefu wa ajira Tanzania Bara ni asilimia 10.3, kutoka 11.7 ya mwaka 2006, uone atakavyoguna. Anayeguna anadhani mdadisi, yule anayepita nyumba kwa nyumba na dodoso, hupita akiuliza, "Una ajira?" Haulizi hivyo. Anapiga hodi, anakaribishwa kiti cha plastiki uani, kisha anauliza: katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya kukuingizia kipato, hata kwa saa moja tu?

Chukua dada wa Mbagala aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na sasa anakaanga mihogo jioni. Atajibu, "Mie sina kazi, niko nyumbani tu." Mdadisi anayejua kazi yake haandiki hilo akaondoka. Anauliza lile karai na beseni pale mlangoni ni vya nani. Dakika mbili baadaye dada yumo kwenye safu ya wenye kazi. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, saa moja inatosha. Ili uhesabiwe huna kazi kwa kipimo hicho, mambo matatu lazima yakutane: hukufanya kazi, ulitafuta, na uko tayari kuanza.

Kijiweni watu wanazungumzia maisha magumu; asilimia ile inajibu swali jingine kabisa. Anayetaka kumwona yule dada afungue jedwali la wanaofanya kazi saa chache na wangependa kuongezewa, halafu la kipato. Mimi hayo majedwali mawili ndiyo huyasoma kwanza, na ndiyo ambayo magazeti huyaruka.

Kuna jingine. Ile 10.3 ni ya tafsiri ya kitaifa, ambayo ni pana: inawaingiza hata walio tayari kufanya kazi ila hawakutafuta, na wenye kibarua ambacho wiki ile hawakukifanya na hawana uhakika wa kukirudia. Kenya, katika robo ya kwanza ya mwaka 2020, ilitangaza asilimia 5.2 kwa kipimo kikali cha kimataifa, ikapanda hadi 10.4 robo iliyofuata, korona ilipofunga shughuli. Ukiweka 10.3 ya huku kando ya 5.2 ya kule ukasema Wakenya wametuzidi, umelinganisha debe na kilo.

"Penye asilimia ndogo ndipo penye kazi."

Mwaka huohuo wa 2014 Dar es Salaam ilikuwa na asilimia 21.5 ya wasio na kazi, mara mbili ya Tanzania Bara nzima. Mbona basi hatuoni watu wakipanda mabasi kutoka Mbezi kwenda vijijini kutafuta ajira? Kijijini shamba lipo, mtu anashika jembe, anahesabiwa ana kazi. Kukaa bila kazi yoyote huku ukitafuta kunahitaji mtu wa kukulisha, na mjini yupo mjomba wa Tabata anayekuhifadhi huku ukizungusha bahasha za vyeti. Asilimia kubwa ya Dar ni dalili ya jiji linalovuta watu.

Hata hilo jembe lina utata. Mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi walikutana Geneva wakaamua kwamba anayelima kwa ajili ya chakula cha nyumbani tu asiitwe mwenye ajira. Mama yuleyule, shamba lilelile, kwa kipimo kipya anahama jedwali.

"Kenya ilipata ajira mpya 782,300 mwaka 2024."

Ndivyo ilivyotangazwa, ila si watu 782,300 waliopewa barua za kuajiriwa. Ni tofauti ya jumla ya mwaka mmoja na mwingine, na takriban 703,700 ni za jua kali, yaani sekta isiyo rasmi. Wakulima wadogo na wafugaji hawamo kabisa.

"Vijana hawana ujuzi, takwimu zinasema."

Safu ya elimu hupima cheti. Fundi gereji aliyejifunza chini ya fundi mkubwa kwa miaka kumi anaandikwa "elimu ya msingi", basi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu kama yeye. Kabla hajaupitia, kwenye takwimu ujuzi wake hauonekani. Wala usiutafute kwenye matangazo ya kazi. Fundi mzuri hupigiwa simu.

"Nipe takwimu za kata yetu."

Hapo sampuli inagoma. Kaya zilizochaguliwa ili kuusemea mkoa ni chache mno ukizikata hadi kata. Msimu nao una lake: Mtwara, minada ya korosho inapoanza Oktoba, vijana wanabeba magunia maghalani hadi usiku; Aprili maghala yaleyale kimya. Lazima ujue mdadisi alipita mwezi gani.

Kwa ngazi ya chini kimbilio ni sensa, iliyohesabu watu 61,741,120 mwaka 2022 na kuuliza pia shughuli ya mtu. Ila karani wa sensa ana kaya nyingi za kumaliza. Dada wa Mbagala akimwambia yuko nyumbani tu, ni rahisi abonyeze hivyohivyo kwenye kishikwambi na kuaga, bila kuuliza karai ni la nani.