Mahindi yenye ukungu si chakula cha kuku

Mavuno ya Njoro na Rongai, kule Nakuru, yakinyeshewa, swali huwa lile lile: "Daktari, mahindi yameshika ukungu kidogo tu, si niwape kuku?" Usiwape. Usiyaoshe, usiyaanike upya ukidhani yatatakasika, wala usiyafiche ndani ya omena.

Jua huzuia kuvu kuendelea kumea, lakini aflatoksini, sumu itokayo kwenye kuvu, ikishaingia kwenye punje hubaki humo. Haichemki ikaisha, haioshwi ikatoka. Ukisaga, punje chache mbovu zinasambaa gunia zima, kwa hiyo chambua kabla ya posho mill: ondoa zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi. Ulizoondoa zizike. Ukimpa ng'ombe, sumu inatokea kwenye maziwa.

"Mbona kuku wangu hawajafa?" Kwa sababu kiasi kidogo hakiui papo hapo. Ini huvimba na kugeuka manjano, mayai hupungua, kinga hushuka, kisha kuku wakiugua, lawama inaangukia chanjo ya magonjwa ya Newcastle au Gumboro. Wenye bata huona mapema zaidi, maana vifaranga wa bata hawaistahimili kabisa. Na mabaki yake hufika kwenye mayai na maini mnayokula nyumbani. Mwaka 2004 sumu hii iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, nao walikula mahindi ya shambani kwao.

Kausha hadi unyevu wa asilimia 13.5. Huna kipimo? Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi hadi theluthi na vijiko vikubwa viwili vya chumvi kavu, tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15, rudisha turubaini. Isiponata, anika siku nyingine hata hivyo, maana chini ya 15 huenda bado si 13.5. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Dawa ya kufunga sumu inayouzwa agroveti? Ya udongo hunasa sehemu ya aflatoksini, lakini fumonisini, sumu nyingine ya kuvu, huiponyoka. Haigeuzi chakula kibovu kuwa kizuri.

Vifaranga wanaohema midomo wazi bila kukoroma, antibayotiki ya nini? Huenda wamevuta kuvu wa maranda hadi mapafuni, na antibayotiki haiui kuvu. Angalia maranda chini ya vinyweo: yakiwa yameloa na kunuka, wahamishe vifaranga kwanza, jifunge kitambaa puani na mdomoni, nyunyizia maji vumbi lisiruke, kisha zoa yote na utandaze makavu.