Mtoto ana ulemavu wa maisha na anakua, tumsaidieje? Maswali ya wazazi wa Tanga

Haya maswali tunaulizwa sana, kliniki, kwenye vikao vya mtaa, hata ndani ya daladala za Pongwe. Mengi yanahusu mtindio wa ubongo kwahiyo majibu nayo yameegemea huko, ila mzazi mwenye mtoto wa mgongo wazi (aliyezaliwa uti wa mgongo haujafunga vizuri) au ulemavu mwingine atapata chake humu.

Swali: Mwanangu ana miaka 2 hajakaa, wanasema ni mtindio wa ubongo. Atapona lini?

Jibu: Hatopona kwa dawa mama, na heri ulijue leo kabla hujamaliza pesa kwa waganga kuanzia Muheza mpaka Pangani. Ni hitilafu iliyoupata ubongo ukiwa bado unakua, labda tumboni, labda kazaliwa njiti, au alichelewa kulia akakosa oksijeni, au baadae manjano kali ya uchanga, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Sio jini, sio laana, na wala sio kitu ulichokula ukiwa na mimba. Hitilafu yenyewe haizidi ila mwili unabadilika, mifupa inarefuka na misuli iliyokaza inashindwa kuifuata, ndo maana mtoto aliyekuwa ananyoosha mguu na miaka 3 unamkuta na 9 kajikunja. Hapo ndo pa kupigania, mazoezi, mkao na vifaa, na muanze sasa. Nendeni hospitali ya rufaa Bombo mkaulizie fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo.

Swali: Nauli ya kwenda fizio kila mara sina.

Jibu: Zoezi la mara moja kwa mwezi peke yake halimjengi mtoto, anajengwa na yale ya nyumbani kila siku. Ukifika usikae kwenye benchi ukichati, mwambie mtaalamu akufundishe wewe na ukiweza nenda na baba yake au dada wa kazi naye ajue. Kiti fundi seremala wa mtaani anaweza kukichonga, mpelekee vipimo, kiwe na mkanda wa kiunoni, pa kukanyagia na kimeza mbele.

Halafu kuna hili la kulisha. Jamani acheni kumlaza chali mtoto mkamwagia uji mdomoni! Chakula kinapita njia ya hewa kinaingia mapafuni, leo anakohoa, kesho nimonia, na wengi wanatutoka kwa njia hiyo sio kwa mtindio wenyewe. Mkalishe wima, kidevu kiiname kidogo, uji uwe mzito, kijiko kidogo, subiri ameze ndo umpe mwingine. Ndio, inachukua muda.

Swali: Bibi yake anamfanyia kila kitu, nikisema anagomba kwamba namtesa mtoto.

Jibu: Bibi anapenda, tusimlaumu. Lakini mtoto anayevalishwa, kulishwa na kusemewa kila siku anafika miaka 15 hajui kuchagua hata shati. Shati atalivaa dakika 10, mwache, msaidie kifungo kimoja kilichomshinda. Muulize anataka mihogo au chapati na usubiri jibu, hata kama jibu lake ni jicho tu au kuonyesha picha. Asiyeongea usidhani haelewi, wapo ambao akili zao ziko sawa kabisa ila misuli ya mdomo ndo haiwatii, wanasikia kila mnachosema juu yao wageni wakija. Na kazi za nyumbani apewe, achambue mchele, akunje nguo, kama ndugu zake.

Swali: Shule je?

Jibu: Ni haki yake, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema hivyo. Anza na shule ya karibu na afisa elimu wa kata. Kwa ulemavu wa akili au usonji ipo Irente Rainbow kule Lushoto, na kwa wasioona Lushoto hukohuko kuna shule ya wasioona ya Irente.

Swali: Binti yangu ana miaka 13, hatembei, kaanza hedhi. Nimechanganyikiwa.

Jibu: Mwili wake umekua kama wa wenzie na hapa ndo familia nyingi zinamwangusha mtoto, bado wanamwogesha uani kila mtu akipita. Mwambie hedhi ni nini kwa maneno mepesi, pedi au kitambaa ajifunze kubadilisha hata nusu kwa mkono wake. Wa kumwogesha wawe watu wachache anaowakubali yeye, mlango ufungwe. Mfundishe majina ya sehemu za siri na kukataa, maana watoto wenye ulemavu wanabakwa zaidi kuliko wengine na mara nyingi na mtu anayejulikana nyumbani. Likitokea msikae vikao vya kulimaliza kifamilia, hospitali siku hiyohiyo, msimwogeshe kwanza, na polisi Dawati la Jinsia na Watoto. Na huo ushauri wa jirani kwamba atolewe kizazi "asije akatia aibu", achana nao.

Na wewe mgongo wako je? Mtoto wa kilo 35 habebwi na mama mmoja. Nyanyueni wawili, na kama ana wilichea ipimwe upya akikua, iliyombana inamtia vidonda. Kama miguu na makalio hayana hisia (mgongo wazi hasa), ajifunze kujiinua kila baada ya nusu saa na akaguliwe ngozi kila jioni.

Swali: Mimi ndo mwenye mtindio, nina miaka 24, natembea mwenyewe ila siku hizi nachoka mno na magoti yanauma. Nyumbani wanasema uvivu.

Jibu: Sio uvivu kaka. Kutembea na misuli iliyokaza kunakula nguvu nyingi kuliko kwa mwingine na wengi wanaanza kuyahisi wakiwa bado vijana kabisa. Rudi fizio, kliniki haikuwa ya utotoni tu. Kupanda bajaji mpaka Ngamiani au kutumia wilichea kwa safari ndefu hakukupunguzii kitu, kunakubakizia nguvu za kazi. Na kama kazi yenyewe ni biashara inayokosa mtaji, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 katika hizo 10 ni za watu wenye ulemavu, muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako akupe masharti.